Bitana ya Morris ya Mzee Oyaro

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila hodi. Kitabu hiki cha tarehe nilipewa Krismasi na duka linaloniuzia sponji, na kimekaa bure miezi miwili. Leo kimepata kazi. Kuna kitu kimeingia kibandani kwangu ambacho sijawahi kukigusa kwa miaka kumi na tisa ya kushona viti vya magari hapa Migori. Naandika Kiswahili maana ndicho ninachofanyia kazi. Ekegusii nakiachia kanisa na kugombana.

Kilichoingia ni Morris ya mwaka 1959, rangi ya maziwa, na paa lake si bati. Ni turubai jeusi linalokunjwa likalala nyuma ya viti. Dereva ni mzee mrefu, koti na tai, viatu vinang'aa na hili tope lote. Alizima injini, akashuka, akasoma kibao changu: KEROSI, FUNDI WA VITI NA DARI ZA MAGARI. Akaniangalia mimi. Kisha akaangalia nyuma yangu.

"Fundi yuko?"

"Ametoka kidogo," nikasema. "Niambie tu shida yako, Mzee. Mimi napima, yeye atashona."

Nyuma yangu Omwenga akakohoa.

Kitabu ni changu, kwa hiyo niseme ukweli humu. Fundi hajatoka kidogo. Kerosi mume wangu tulimzika Novemba 1992. Majirani wanajua, wateja wa mjini wanajua. Lakini mtu akitoka mbali, Karungu au Sori au Homa Bay, akute mwanamke peke yake na cherehani, anageuza gari. Mwezi ule wa kwanza wa ujane waligeuza watatu, nikiwaona kwa macho yangu. Basi nikajifunza kusema fundi ametoka. Mteja anarudi baada ya siku mbili, anakuta kazi imekwisha, anausifu mkono wa Kerosi, anaenda zake. Mimi nabaki nimeshika mkasi na sifa za mtu mwingine.

Kibanda kizima kimeuzoea uongo huu isipokuwa Omwenga. Huyu ni mzee wa miavuli. Kerosi alimpa pembe ya baraza yangu zamani, na bado amekaa hapo na mkeka wake na boksi lake la mbavu za miavuli iliyokufa. Uongo hasemi, na maneno mengine pia hasemi. Anakohoa tu. Nimeshafikiria mara nyingi kumhamisha.

Mzee mwenye gari anaitwa Nashon Oyaro, mkaguzi wa shule mstaafu, wa Homa Bay. Mwaka jana alilitia gari turubai jipya la kitambaa cha lori. Lina nguvu, lakini linatoa weusi. Ukiligusa na kichwa unatoka kama umeingia chimni. Binti yake Caren anaolewa Jumapili ya tarehe 14 Mei, na atapanda gari hilo na gauni jeupe, yeye na nyanya yake. Mzee anataka kitambaa cha ndani.

"Koti langu lina bitana," akasema, akilifungua nione. "Gari langu nalo limekosa nini?"

Nilimpenda hapo hapo.

Nikamuuliza nani alimwelekeza kwangu. Akasema alipewa lifti na jamaa wa Sori mwenye pikapu, akakaa juu ya viti ambavyo hajaona mfano wake, akauliza vimeshonwa na nani. Akaambiwa, Kerosi wa Migori.

Viti vile ni vya Agosti iliyopita. Kerosi alikuwa udongoni karibu miaka miwili. Ni vyangu, kila mshono. Na sikusema kitu.

Jumanne, 7 Machi

Mvua. Nimelala nikiota dari.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeenda Isebania kutafuta kitambaa cha drili cha rangi ya maziwa. Mirumbe, yule Mkuria anayeuza vitambaa karibu na mpaka, akauliza ni suruali za shule gani. Nikamwambia si suruali, ni gari. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanikatia na kipande cha zaidi. "Kama gari litanenepa," akasema.

Nilikuwa nyumbani kabla ya jua kuzama. Sabato haingojei mtu.

Jumatatu, 20 Machi

Mzee Oyaro ameleta Morris na kuniachia.

"Fundi yuko?"

"Ameenda Kisii kununua gundi."

Kikohozi. Mzee akatoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu kidogo, akakirudisha. Wakaguzi wa shule ndivyo walivyo, nadhani. Boaz anayechomelea bodi za matatu kibanda cha pili akaingia kuona. Boaz ni mkubwa, ana sauti, huniita kwa jina la mwanangu, na haamini kitu ambacho hakijachomelewa.

"Mama Terry, hii ni gari ama ni kanzu?"

"Ni gari, na litatoka hapa limevaa kuliko wewe."

Jumatano, 29 Machi

Nimemaliza! Na nijisifu mwenyewe, kwani nani mwingine atanisifu?

Dari za matatu nimezibandika zaidi ya mia mbili, najua kazi hiyo nikiwa nimefumba macho. Sponji nyembamba kwanza, gundi huku na huku, ngoja ikauke kidogo, bandika, sukuma upepo wote utoke kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha drili juu yake hivyo hivyo. Nililibandika turubai lote kwa ndani, nikaziacha zile mbavu tatu za chuma zilizolibeba zipite chini. Hakuna kunyanzi hata moja. Ukikaa ndani na mvua inyeshe, unasikia kama mtu anachekecha mtama chumba cha pili. Nilikaa humo nusu saa, peke yangu, kiti cha bibi harusi, nikijiona.

Boaz akaingiza kichwa, akapapasa, akasema, "Kweli umeweza." Kutoka kwa Boaz hilo ni tenzi.

Omwenga alinyanyuka pia akaja kuangalia, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue. Akaangalia mbavu. Akaniangalia mimi. Akarudi kwenye mkeka. Nikajua ana wivu.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Gari linanukia gundi na upya.

Ijumaa, 7 Aprili

Sitaki kuandika. Lakini nikiandika siku za sifa tu, kitabu hiki nacho kitakuwa ni "fundi ametoka".

Mzee Oyaro alikuja saa nne. Na kwa mara ya kwanza wiki hii jua likatoka, jua kali la baada ya mvua, nikafurahi kwamba hata mbingu zimekuja kuona kazi yangu. Aliingia ndani ya gari akapapasa bitana, akatabasamu mpaka nikaona jino la dhahabu.

"Fundi yuko nimshukuru?"

"Ametoka kidogo."

"Haya. Tufungue basi, tuone jua."

Hapo nikajua nimekwisha. Kwa sababu katika siku zote hizo, na mvua ile yote, mimi Mellen Bosibori sikuwahi kulikunja lile paa hata mara moja. Dari ya matatu haikunjwi! Nani amewahi kukunja dari ya matatu? Nilifanya nilichozoea, nikasahau kwamba hili lina magoti.

Mzee alifungua vile vifungo viwili vya mbele, akalisukuma nyuma. Likagoma katikati. Akasukuma tena. Nikasikia sauti ya kupasuka, taratibu, kama mtu anachana shuka. Lilipolala nyuma lilikuwa limevimba kama tumbo la ng'ombe, na tuliponyanyua tena tukaona yote. Sponji imeumwa katikati ya vyuma. Drili imechanika kwenye ubavu wa pili, urefu wa mkono mzima, na kipande kinaning'inia. Palipobanduka pana weusi: unyevu wa turubai umepita kwenye gundi na sponji, umeingia kwenye rangi ya maziwa. Na harufu ya kuvu, tayari.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Na mimi nikasema, "Ni fundi. Nilimwambia asibandike. Hakusikia."

Nimeliandika. Lisomeke. Nilimtupia kosa langu mtu aliyelala kaburini, ambaye alinifundisha kushika sindano.

Mzee akaandika kwenye kijitabu chake, akasema atarudi tarehe 28, akaondoka kutafuta gari la kumrudisha Homa Bay. Nikangoja kikohozi. Hakikuja. Niligeuka nikamwona Omwenga anakunja mkeka wake. Akachukua boksi lake la mbavu, akavuka madimbwi ya mvua, akaenda kukaa baraza ya Boaz.

Jua linazama. Sabato inaingia na mimi niko hivi.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimeenda kanisani nikatoka kabla ya mahubiri. Nilipitia kibandani nikasimama chini ya kibao na kusoma jina lake. Kerosi, nisamehe.

Jumapili, 9 Aprili

Asubuhi na mapema nilivuka kwenda kwa Boaz na chupa ya chai na vikombe viwili. Omwenga alikuwa anafungua mwavuli wa mwanamke fulani, ubavu mmoja umevunjika. Nilikaa kwenye tofali mbele yake. Ni mzee, na mimi nilikuwa sijawahi kukaa chini mbele yake hata siku moja.

"Baba," nikasema, "nimekosa. Nimemsingizia Kerosi."

Alikunywa chai yote kwanza. Mvua ilikuwa imeanza tena na Boaz alikuwa bado hajafika, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutusikia. Kisha akanipa ule mwavuli.

"Moka Kerosi," akasema. Ndivyo anavyoniita, mke wa Kerosi, kwa lugha yetu. "Funga. Fungua. Funga. Sasa niambie, hii kitambaa imeshikwa wapi?"

Nikaangalia. Jamani, mwavuli! Nimeishi na miavuli maisha yangu yote, nimekaa hatua tatu kutoka kwa huyu mzee miaka kumi na tatu, na sijawahi kuuangalia kwa ndani. Kitambaa kimeshikwa kwenye ncha za mbavu. Halafu katikati ya kila ubavu kuna uzi kidogo, fundo moja tu. Kwingine kote kiko huru. Hakuna gundi. Kikifungwa, kinajua pa kwenda.

"Nilikuja kuona kazi yako siku ile," akasema. "Niliona mbavu ziko uchi. Nikajua itakufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira, maana ndivyo nilivyo, lakini jibu nililokuwa nalo ni hapana. Nikabeba mkeka wake mwenyewe, nikaurudisha barazani kwangu. Akanifuata na boksi.

Jumanne, 11 Aprili

Kubandua gundi. Petroli ingeua turubai, kwa hiyo ni kidole gumba tu, kusugua mpaka gundi ijiviringe. Vidole vinawaka.

Jumatano, 12 Aprili

Gundi.

Alhamisi, 13 Aprili

Gundi. Boaz amepita akaona, akafungua mdomo kunitania, akaufunga. Akaingia upande wa pili akaanza kusugua na yeye, kidole chake kikubwa kama hindi. Tulisugua mpaka saa sita.

Jumatatu, 17 Aprili

Leo ni Jumatatu ya Pasaka, na nimetoka Homa Bay. Sikungoja tarehe 28. Kama nikingoja, nitasema tena ametoka, najijua.

Nilibeba mwavuli. Usiku wa kuamkia Ijumaa wazo lilikuwa limenijia, na jana nikaushona: mwavuli mweusi wa Omwenga, nikautia bitana ya vipande vya ile drili. Kila kipande kina mfuko mwembamba pembeni, kama pindo la kupitishia lastiki kwenye sketi, na ubavu unapita ndani ya mfuko huo. Nilibadilisha gari Rongo na kufika saa tano.

Nyumba ya Mzee iko chini ya mlima Asego, na ziwa linaonekana kutoka barazani. Alikuwa amekaa na Caren, binti mwenyewe, mwalimu, msichana wa macho ya moja kwa moja. Walinikaribisha, wakaniletea soda. Sikuigusa.

"Mzee, nimekuja kusema neno," nikasema. "Kerosi alikufa miaka miwili na nusu iliyopita. Hakuna fundi aliyetoka. Viti ulivyokalia kwenye pikapu ya Sori ni vyangu. Na bitana iliyochanika ni yangu pia. Yeye hakuligusa gari lako."

Ziwa kule chini limetulia.

Mzee akatoa kile kijitabu, akapindua kurasa. "Umenidanganya mara ngapi?"

Nikahesabu. "Mara tatu."

"Nne," akasema. "Ya nne ilikuwa mbaya." Akakifunga. "Nyathina, mwanangu, nimekagua shule miaka thelathini. Walimu wakuu wa kike nimewaona, na wengine waliendesha shule kuliko wanaume. Unadhani mimi naogopa mwanamke mwenye mkasi? Mimi nilikuwa naogopa fundi ambaye haonekani. Mtu asiyeonekana akiharibu, nitamshika nani?"

Niliona aibu, na niseme pia nilikasirika, si kwake. Nilikasirikia ile miaka miwili na nusu.

Caren alikuwa ameuchukua mwavuli. Anaufungua, anaufunga, anaufungua. Akaingiza kichwa chini akaangalia bitana, akapitisha mkono.

"Baba, angalia. Haikunjiki vibaya hata kidogo."

Mzee akaufunga mwenyewe mara mbili. Kisha akasema maneno yake, taratibu, kama mtu anayeandika ripoti. Nijaribu tena. Atakuja Migori Jumatano tarehe 10 Mei, atakaa kibandani, na atalikunja lile paa mara hamsini kwa mkono wake. Likichanika, Caren ataenda kanisani na gari la kukodi, na mimi nitakishusha kile kibao. Lisipochanika, basi.

"Nitakishusha mwenyewe kwa mikono yangu," nikasema.

"Na kunywa soda yako," akasema.

Alhamisi, 20 Aprili

Mirumbe ameniuzia drili tena. Nilimweleza yaliyonikuta, hakucheka.

Jumatatu, 24 Aprili

Napima paa likiwa juu, kisha likiwa nusu, kisha likiwa limelala. Mara tatu kila kipande. Watu wanapima gari likiwa limesimama vizuri tu, kama mtu anayepima suruali bila kumwambia mteja akae.

Ijumaa, 28 Aprili

Mvua kubwa, barabara ya Sori imekatika, hakuna wateja. Afadhali.

Jumatano, 3 Mei

Vipande vinne vimeungana. Kila muungano una mfuko wake. Leo nimeulaza wa kwanza kwenye ubavu wa mbele na kuushona kwa mkono ukiwa umekizunguka chuma, sindano iliyopinda, mishono midogo kama ya daktari kwenye kidonda. Omwenga alikuwa kwenye kiti cha dereva ananishikia kitambaa kisivute. Mara akasema, "Acha hewa." Nikaacha nafasi ya kidole kati ya bitana na turubai. Weusi ukitoka, utoke huko juu, usifike huku.

Yeye hasemi sana, lakini akisema, afadhali uwe umenyamaza usikie. Miaka kumi na tatu nilidhani anachukua nafasi yangu.

Ijumaa, 5 Mei

Tatizo. Pembeni, paa likikunjwa, kitambaa kinatoka nje na kuingia kwenye makasi ya vyuma, pale mbavu zinapokutana na kujikunja, palepale palipochanika zamani. Nimelikunja taratibu mara nane na mara nane kinaingia. Nikatupa sindano. Nikamgombeza Boaz ambaye hakuwa amefanya kitu. Jua linazama, nafunga.

Jumapili, 7 Mei

Nimeipata, na nimeipata mwenyewe! Omwenga hakusema chochote, aliniangalia tu. Nilikuwa navaa sketi asubuhi nikaona: lastiki. Inavuta ndani yenyewe kila wakati, huiambii. Nimeshona mikanda ya lastiki kutoka ukingo wa bitana mpaka katikati ya kila ubavu, kushoto na kulia. Paa likiwa juu lastiki imetanuka na bitana imenyooka. Likianza kukunjwa, lastiki inakivuta kitambaa kuelekea katikati, mbali na makasi.

Nililikunja. Likalala. Nikalinyanyua. Likanyooka, nyoo! Nikapiga kigelegele kibandani peke yangu, watu wa matatu wakadhani kumezaliwa mtoto.

Jumatano, 10 Mei

Mzee Oyaro alifika saa tatu, amevua koti. Nilimwekea kiti. Hakukaa.

"Fundi yuko?" akauliza, uso mkavu.

"Niko."

Akaanza. Moja. Mbili. Boaz na vijana wake wakaacha kuchomelea. Wanawake wa ndizi ng'ambo ya barabara wakavuka na ndizi zao. Omwenga ndiye aliyehesabu kwa sauti, mzee ambaye siku nyingine humtoi maneno kumi. Kumi. Kumi na tano. Mimi nilisimama na mikono nyuma. Kila paa likilala nilisikiliza ile sauti ya shuka. Ishirini. Ishirini na sita. Jasho linamtoka Mzee, tai ameiingiza ndani ya shati.

Ya thelathini na moja ilikwama.

Mzee akaliacha katikati, akaniangalia, kila mtu akaniangalia. Nikaingia ndani ya gari nikaangalia juu. Bitana ilikuwa nzima, imekaa mahali pake. Kilichokwama ni mkono wa Mzee: kishikizo cha shati lake kimeingia kwenye kifungo cha paa.

"Ni shati lako, Mzee," nikasema. "Nikushonee na hilo?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangusha ndizi. Mzee naye akacheka, akajitoa, akaimalizia ile ya thelathini na moja, akakaa kwenye kile kiti nilichomwekea.

"Mkono wangu umechoka kabla ya bitana yako," akasema.

"Bado kumi na tisa," nikasema. "Tulisema hamsini." Nikapanda nikazimaliza mwenyewe, mbele ya watu wote, moja moja, Omwenga akihesabu. Hamsini. Hakuna uzi uliotoka. Mzee akapapasa kila mfuko kwa kidole chake cha ukaguzi, akafungua kijitabu, akachana ukurasa mmoja akanipa. Ni ule aliotia alama kila nilipomdanganya, alama nne. Nimeubandika hapa.

Jumapili, 14 Mei

Homa Bay. Mzee alinialika na Omwenga, tukaenda wote wawili, yeye na koti la Kerosi nililomrekebishia mabega.

Asubuhi kulikuwa na jua na Caren akaingia kanisani paa likiwa wazi. Walipotoka, wingu lilikuwa limeshuka kutoka ziwani, jeusi, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya watu. Vijana wa harusi walilikimbilia gari, wote sita, kila mmoja anavuta upande wake. Nikawasukuma kando. Na viatu vyangu vya kanisani na gauni langu la kijani nikapanda nyuma, nikalinyanyua kwa mkono mmoja, nikafunga vifungo viwili mbele, tap, tap. Caren, bwana harusi na nyanya wakaingia, na mvua ikapasuka.

Gari lilienda polepole mpaka nyumbani, sisi tukifuata nyuma tukilowa. Walipofika, mlango ukafunguliwa na akashuka Caren, na gauni jeupe, jeupe kabisa, mabega na shela na kila mahali. Nilimkagua kuliko hata babake. Nyanya hakutaka kushuka. Alikuwa ameinua mkono anapapasa dari, anauliza kwa Dholuo ni nani aliyelivisha gari nguo ya ndani. Mzee akamjibu kwa Dholuo kisha akageuka, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Fundi ni yule pale wa gauni la kijani. Mellen Bosibori, wa Migori. Fundi, simama vizuri wakuone."

Nilisimama vizuri. Nililia pia, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nimelowa, hakuna aliyejua ni mvua ipi.

Jumanne, 16 Mei

Mvua imepungua. Kibao sikukishusha. Jina la Kerosi linakaa pale lilipo. Boaz ameniandikia chini yake kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda kidogo: FUNDI: MELLEN BOSIBORI.

Saa tano ikaingia Peugeot kutoka Karungu, viti vyake mbavu nje. Mwanamume mnene akashuka, akaangalia nyuma yangu. Hakuwa amesoma kibao.

"Fundi Kerosi yuko?"

Kwa mazoea ulimi ulishaanza. Nikaushika.

"Kerosi alifariki," nikasema. "Fundi ni mimi."

Akaangalia mlangoni. Akaangalia gari lake. Nikangoja kikohozi, lakini Omwenga alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano na wala hakuinua kichwa.

"Basi nipimie," akasema yule mtu, akakaa.